Betri Ndogo Katika Pikipiki: Wepesi Huo Unaulipia Nini?

Katika miji yetu ya leo pikipiki si chombo cha anasa tena. Ni jembe la mjini. Kwa kijana wa bodaboda ndiyo shamba lake. Kwa mfanyakazi wa zamu ya alfajiri ndiyo basi lake. Na kwa mama anayekaanga vitumbua ndiyo inayomfikishia unga na mafuta kabla jua halijapanda. Kwa hiyo jambo lolote linalokigusa chombo hicho huugusa pia mkeka wa chakula nyumbani. Ndiyo maana ukurasa huu wa familia hauoni haya kuzungumza habari za betri.

Swali linalowatatiza wengi ni hili: betri ya pikipiki ikichakaa, je, inafaa kuweka nyingine iliyo ndogo na nyepesi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani? Dukani betri ndogo huuzwa kwa bei nafuu. Fundi huiinua kwa mkono mmoja na kusema, "Usiwe na wasiwasi, kaka, hii itawasha vizuri tu." Anaifunga, anabonyeza kitufe, na pikipiki inawaka kwelikweli. Mteja analipa, anashukuru na kushika njia.

Hatukatai kwamba pikipiki imewaka. Tunachosema ni kwamba kuwaka siku ya kwanza si ushahidi wa kutosha. Kazi ya betri haiishii katika kuwasha injini, wala gharama yake haiishii katika fedha unayomkabidhi muuza duka. Wepesi unaoupata lazima uwe umeulipia kwa kitu fulani, na ni vizuri mwenye pikipiki akijue kitu hicho kabla ya kutoa fedha.

PIPA NA BOMBA

Ili tuelewane, tuifananishe betri na pipa la maji la nyumbani. Volti ni kimo cha mahali pipa lilipowekwa. Kadiri lilivyo juu ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu. Ampea-saa, ile tarakimu ambayo mafundi huiita ampea tu, ni ukubwa wa pipa lenyewe. Betri ya volti 12 na ampea-saa 9, ikiwa mpya na imejaa, yaweza kutoa umeme wa ampea 1 kwa muda wa saa 9 hivi kabla ya kuisha. Ile ya ampea-saa 4 nayo ni ya volti 12. Pipa liko juu vilevile, kwa hiyo taa huwaka kwa mwanga uleule na honi hulia kwa sauti ileile. Tofauti haionekani siku ya kwanza. Lakini pipa ni dogo.

Pikipiki inapotembea, mtambo mdogo uliomo ndani ya injini hufua umeme na kulijaza pipa hilo tena. Hapo pana jambo ambalo wengi hawaliangalii. Bomba hilo hutiririka vizuri injini inapozunguka kwa kasi. Injini ikiunguruma polepole, kama vile kwenye foleni au kwenye taa za barabarani, maji hudondoka tone moja moja. Wakati huo pipa ndilo linaloihudumia nyumba.

Kwa hiyo betri ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuizungusha stata ili injini iwake. Ya pili ni kulisha taa ya breki, indiketa na honi wakati injini inazunguka polepole au imezimwa. Ya tatu ni kuutuliza umeme unaotoka katika injini, maana umeme huo hupanda na kushuka, na betri huupokea unapozidi na kuutoa unapopungua. Fundi aliyebonyeza kitufe ameipima kazi ya kwanza tu.

KILO MBILI ZINA FAIDA GANI?

Tuanze na wepesi wenyewe, maana ndio unaosifiwa zaidi. Betri ya kawaida ya risasi ya ampea-saa 9 ina uzito wa takriban kilo 3. Betri ya risasi ya ampea-saa 4 au 5 huwa na uzito wa kilo 2 hivi. Zile za lithiamu, ambazo sasa zinauzwa kwa ajili ya pikipiki, huweza kuwa na uzito usiofika hata kilo 1. Basi mwenye pikipiki huokoa kilo 1 au 2.

Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Yaani kilo 2 hizo ni sawa na petroli isiyofika lita 3, ambayo dereva huijaza asubuhi na kuimaliza bila kuona kwamba pikipiki imebadilika. Chombo chenyewe kina uzito wa zaidi ya kilo 100. Mweke juu yake dereva, abiria wake na gunia la viazi, nawe utaona kwamba kilo 2 hazitapunguza gharama ya mafuta kwa kiasi cha kuhesabika.

Wepesi una maana kwa wale wanaoshindana. Kampuni ya Honda ya Japani ilipotoa pikipiki yake ya CBR1000RR SP mwaka 2017, iliiweka betri ya lithiamu tangu kiwandani, kwa kuwa chombo cha namna hiyo huhesabiwa kila gramu. Lakini barabara ya Mbagala saa 12 jioni si uwanja wa mashindano. Mtu asiuziwe wepesi kana kwamba ni akiba. Zinabaki sababu nyingine mbili za kupima: bei, na muda ambao betri itadumu.

KIKOMBE KILEKILE, PIPA DOGO

Chukua mfano wa dereva anayesubiri abiria kijiweni. Injini imezimwa. Simu imechomekwa ichajiwe, nayo inavuta karibu ampea 1. Redio na spika zake zinavuta ampea 1 nyingine. Kwa saa moja ametumia ampea-saa 2. Katika betri ya ampea-saa 9 amechota pungufu ya robo ya pipa. Katika betri ya ampea-saa 4 amechota nusu nzima. Matumizi ni yaleyale, lakini betri ndogo imechoshwa maradufu.

Betri ya risasi haipendi kuchotwa hadi chini. Kila inapobaki bila chaji ya kutosha, bamba zake za ndani huota ukoga mweupe. Ukoga huo ukikaa muda mrefu huwa mgumu wala hauyeyuki tena hata betri ikichajiwa usiku kucha. Joto la pwani nalo huongeza mzigo, kwani mafundi wa betri hukadiria kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10 umri wa betri hupungua karibu nusu. Basi ile betri iliyonunuliwa kwa nusu ya bei huweza kufa kabla ya nusu ya muda. Wahenga walisema rahisi ghali, na kauli hiyo yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila duka la vipuri.

Hata pikipiki iliyoegeshwa uani hunywa umeme. King'ora cha kuzuia wezi au kifaa cha kufuatilia chombo kilipo, kikivuta ampea 0.02 tu, kwa siku moja hutumia karibu nusu ya ampea-saa. Betri ya ampea-saa 9 itafikia nusu yake baada ya siku 9 hivi. Ile ya ampea-saa 4 itafikia nusu baada ya siku 4. Mwenye chombo akienda msibani wiki moja, atakaporudi atalazimika kusukuma.

Wapo watakaosema kwamba pikipiki zao zina kiki, hivyo betri si kitu. Ni kweli kwamba kiki ni mwokozi mzuri. Hata hivyo, pikipiki zote si za namna moja. Ziko ambazo cheche ya injini hutokana na mtambo wenyewe, nazo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Ziko nyingine ambazo cheche hulishwa na betri, na zile za kisasa zenye kupulizia mafuta kwa umeme. Hizo, betri ikiisha kabisa, waweza kupiga kiki mpaka goti likauma.

TAA YA NYUMA

Hayo yote ni hasara ya fedha na muda. Liko jambo lililo zito zaidi. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa ya mbele hulishwa na injini moja kwa moja, lakini taa ya breki na indiketa hulishwa na betri. Betri ikidhoofika, dereva huiona taa yake ya mbele ikiangaza barabara, naye huamini kwamba mambo ni mazuri. Hajui kwamba nyuma yake ni giza. Anapunguza mwendo, anakanyaga breki, injini inaunguruma polepole, na taa nyekundu ambayo ingemwonya dereva wa lori haiwaki, au yafifia kama kaa la mwisho jikoni.

Anayeketi karibu na taa hiyo ni abiria. Mara nyingi ni mke wa mwenye pikipiki, au mtoto anayepelekwa shule. Kwa hiyo uamuzi wa kununua betri ndogo haumhusu baba peke yake, wala dereva na fundi wake tu. Mama mwenye nyumba ana haki ya kuuliza ni betri gani iliyonunuliwa, kama anavyouliza bei ya mchele.

BETRI ZA LITHIAMU

Betri ya risasi ni ya zamani sana. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859. Aina ya lithiamu inayotumika katika pikipiki, yenye chuma na fosfeti ndani yake, ilitokana na utafiti wa miaka ya 1990 wa John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Mtaalamu huyo alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi zao juu ya betri za lithiamu.

Sifa zake ni za kweli. Ni nyepesi, haina tindikali ya kumwagika, haioti ule ukoga mweupe, na ikiwekwa bila kuunganishwa na chochote hukaa na chaji yake kwa miezi mingi. Pia hutoa umeme kwa nguvu, mfano wa pipa dogo lenye bomba pana, ndiyo maana huweza kuwasha injini kubwa.

Lakini ni pipa dogo, nawe uwe macho na tarakimu zilizoandikwa kwenye ganda lake. Watengenezaji wengi huandika ampea-saa za kulinganisha, yaani betri hii yaweza kuwasha kama ya risasi ya ampea-saa 9, na si kwamba ina ampea-saa 9 ndani yake. Ukitaka kuujua ukweli, tafuta tarakimu ya wati-saa, kisha uigawe kwa 12.8. Betri iliyoandikwa wati-saa 38.4 ina ampea-saa 3 tu. Itawasha, naam, lakini redio ya kijiweni na king'ora cha usiku vitaimaliza upesi.

Jambo la pili ni chaji. Betri ya risasi huvumilia pikipiki ambayo umeme wake umezidi kidogo. Huchemka, hupunguza maji yake, na mwenye chombo huyaongeza. Betri ya lithiamu haivumilii. Kabla ya kuinunua, mwombe fundi aweke multimita kwenye vichwa vya betri ya sasa, ikiwa ni nzima, awashe injini na kuizungusha kwa kasi ya kutembea. Kipimo kati ya volti 13.8 na 14.4 ni kizuri. Kikizidi volti 14.6, usiweke lithiamu mpaka kirekebisha umeme kibadilishwe. Kikiwa chini ya volti 13, tatizo si betri. Pikipiki haichaji, na betri yoyote utakayoiweka, kubwa au ndogo, itakufa. Wangapi wamenunua betri mbili kwa mwaka kumbe ugonjwa ulikuwa kwingine!

Walio Makete, Njombe na Mbeya wajue pia kwamba lithiamu hulegea kwenye baridi kali. Asubuhi za Juni na Julai, kama taa ya mbele ya pikipiki yako huwaka kwa betri, iwashe dakika moja au mbili kabla ya kubonyeza stata, ili betri ipate joto. Na betri hiyo ikiisha kabisa isichajiwe kwa mashine yoyote iliyo karibu. Itafutiwe chaja ya aina yake.

UKIAMUA KUBADILISHA

Ukiwa umepima yote na bado unataka betri ndogo, hakikisha kwanza kwamba kichwa cha chanya kiko upande uleule wa betri ya zamani. Kikiwa upande mwingine, waya utavutwa na huenda ukagusa chuma cha pikipiki, na hapo cheche hutoka. Zima chombo, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Wakati wa kufunga, anza na chanya na umalize na hasi. Betri ndogo itacheza ndani ya kikalio kilichotengenezwa kwa ajili ya kubwa, hivyo ijazie vipande vya mpira na kuifunga kwa mkanda imara, kwa sababu mtikisiko wa barabara za mashimo huvunja bamba za ndani. Kama ni betri ya maji, mpira wake wa kutolea hewa uelekezwe chini, mbali na mnyororo na nyaya. Usiilaze ubavu.

ILE YA ZAMANI INAKWENDA WAPI?

Betri mpya ikishafungwa, ile mbovu huwekwa wapi? Katika nyumba nyingi hukaa uvunguni mwa kitanda au nyuma ya mlango, ikisubiri wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani. Wapo pia wanaoipasua na kuiyeyusha risasi yake jikoni wapate vizito vya nyavu.

Hapa tusifanye mchezo. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi, na risasi ni sumu ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Fedha hizo haziwezi kuirudisha akili ya mtoto iliyodumaa.

Kwa hiyo betri mbovu isikae mahali watoto wanapolala au kucheza. Isipasuliwe, wala tindikali yake isimwagwe uani au mtaroni. Iache ikiwa nzima, isimame wima ndani ya ndoo ya plastiki, na uirudishe kwa muuzaji aliyekuuzia mpya au kwa mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Aliyeishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

Hukumu yetu ni fupi. Kitabu cha pikipiki yako kikisema ampea-saa 9, nunua ya ampea-saa 9. Ndogo ya risasi ni kwa yule mwenye pikipiki inayowaka kwa kiki bila betri, asiye na king'ora, redio wala chaja, na ambaye hutembea kila siku. Ya lithiamu ni kwa yule aliyekwisha kupima chaji ya chombo chake, na ambaye mfuko wake unaruhusu.

Jioni ya leo, kabla ya kuufikiria ununuzi wowote, fanya jambo moja lisilogharimu kitu. Egesha pikipiki uani, iache injini iungurume polepole, mwombe mwenzako asimame nyuma, kisha kanyaga breki na uwashe indiketa. Akikuambia kwamba taa inafifia, peleka chombo hicho kwa fundi kesho, kabla hujampakia mtu.